Mla mboga aliletewa mifupa, mbwa akaletewa vitunguu: barua ya malalamiko

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: LIKIZO YA SIKU 6 SHAMBANI NIKIWA NA MBWA, MALALAMIKO NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tangazo lenu lilikuwa na mambo matatu yaliyonivuta: mbwa anakaribishwa, matembezi ya kuongozwa kila asubuhi, na milo kamili kwa wala mboga. Kabla ya kulipa niliwaandikia nikauliza maswali mawili. Je, mbwa ataruhusiwa kuwa nami wakati wote? Je, jikoni mnatumia supu ya mifupa kupikia mboga? Jibu lenu, ambalo bado ninalo, lilikuwa na maneno mawili tu: "Hakuna shida." Nikalipa, pamoja na nyongeza mnayotoza kwa ajili ya mbwa.

Tulipofika, mtu wa mapokezi alimtazama Jivu kuanzia masikio hadi mkia, akaniuliza, "Na huyu naye?" Ukumbini kuna bango: mbwa hawaruhusiwi. Chumba cha kulia, bango. Bustanini, bango, tena lenye picha. Nyuma ya mlango wa chumba changu mmebandika masharti, na sharti la 7 linasema mbwa asiachwe chumbani peke yake. Sasa naomba mnisaidie: mgeni akienda kula, mbwa awe wapi? Jibu nililitafuta mwenyewe. Milo yote ya siku mbili za kwanza niliila nimesimama barazani, sahani juu ya ukingo wa dirisha, kamba ya Jivu nimeizungusha mkono wa kushoto, na kila alipomwona paka wenu uma wangu ulikosa mdomo. Baadaye mpishi alinionea huruma akaniwekea kimeza nyuma ya jiko.

Na hiyo milo yenyewe. Usiku wa kwanza nililetewa supu ya mboga. Ilinukia vizuri, haki hiyo siwanyimi. Nilipokaribia chini ya bakuli kijiko kikagonga kitu kigumu: kipande cha mfupa, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nikamwita mpishi. Akatazama, akacheka kwa upole, akasema, "Samahani, nyama niliitoa yote, huo umenipita." Kesho yake ilikuwa samaki, kwa maelezo kwamba samaki si nyama. Siku ya tatu nikaletewa jeli ya kumalizia mlo, iliyogandishwa kwa jelatini, nayo jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Jibini sikuthubutu hata kuuliza imegandishwa kwa kitu gani, maana ziko zinazogandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Simlaumu mpishi kwa kutojua yote haya. Namlaumu aliyeniandikia "hakuna shida" bila kupita jikoni kuuliza.

Mpishi huyohuyo, kwa moyo mwema kabisa, alimletea Jivu bakuli la mabaki: mboga zilizokaangwa kwa vitunguu maji na vitunguu saumu. Nililiwahi kabla hajalifikia. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Kwa hiyo kwenu mla mboga aliletewa mifupa, mbwa akaletewa vitunguu.

Matembezi nitayapitia haraka. Yaliahidiwa mara tano, yakafanyika mara mbili. Mara ya kwanza, badala ya asubuhi, tuliondoka saa sita mchana kwa barabara ya lami. Niliweka mgongo wa kiganja juu ya lami nikashindwa kufikisha sekunde 7 kwa joto lake, na Jivu havai viatu. Nikambeba, kilo zake 18 zote. Mara ya pili tulikatiza malisho yenye ng'ombe na ndama. Ng'ombe walipoanza kutujia mbio, kiongozi wenu alipiga kelele nishike kamba kwa nguvu. Kinachotakiwa ni kinyume chake: ng'ombe wenye ndama humkimbilia mbwa, na mbwa akiachiwa ana mbio kuliko wao. Anayekanyagwa ni mtu aliyeng'ang'ania kamba. Niliachia. Jivu alipenya chini ya seng'enge, nikampata baada ya dakika 20 amesimama getini, ulimi nje.

Lakini kilichonikalisha kuandika barua hii ni usiku wa tatu.

Ilikuwa saa tatu usiku, tumesharudi chumbani. Jivu aliingiza kichwa chini ya kabati, nikasikia anatafuna. Nilipomvuta alikuwa na ungaunga wa buluu kwenye ndevu. Chini ya kabati kulikuwa na kisahani cha plastiki, wazi, chenye mabaki ya sumu ya panya. Hicho ndicho chumba mlichonitoza nyongeza ili mbwa alale humo.

Nilikimbilia mapokezi kuomba pakiti yake, kwa sababu daktari wa mifugo lazima ajue ni sumu gani. Rangi peke yake haimsaidii, kwani sumu za aina tofauti kabisa huweza kutiwa rangi moja. Pakiti ilishatupwa zamani. Mhudumu akamtazama Jivu, akasema, "Mbona anacheza tu?" Ni kweli, alikuwa anacheza. Sumu nyingi za panya huuzuia mwili kutumia vitamini K, na bila hiyo damu haigandi, lakini mbwa huonekana mzima siku 3 hadi 5 hivi kabla hajaanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Ukingoja dalili, umechelewa. Aliyeelewa ni mlinzi wenu wa usiku peke yake. Aliwasha gari lake mwenyewe akatupeleka. Naomba mumshukuru kwa niaba yangu, ikiwezekana kwa kumjazia mafuta.

Daktari alimtapisha, kwa kuwa saa mbili zilikuwa hazijapita tangu aimeze sumu. Kwa vile hapakuwa na pakiti, na hakuna aliyejua amemeza kiasi gani, ilibidi tuchukulie ni ile aina inayokaa mwilini muda mrefu: vidonge vya vitamini K1 kwa wiki 4, kila kimoja na chakula chenye mafuta kidogo ili kifyonzwe vizuri, na marufuku kukimbia wala kuruka. Ndivyo matembezi ya siku tatu zilizobaki yalivyoishia. Tulizimaliza chumbani, mimi nikisoma, yeye akiyatazama malisho kupitia dirishani.

Mliponipigia simu mliniahidi punguzo kwa safari ijayo. Kwenu sina safari ijayo. Nadai gharama zote za daktari (risiti nimeambatanisha), nyongeza yote ya mbwa, na fedha za siku tatu zisizo na matembezi, ndani ya siku 14. Nataka pia jibu la maandishi kwamba sumu imeondolewa katika vyumba vinavyopokea mbwa. Kama panya wanawasumbua, vipo visanduku vya sumu vinavyofungwa kwa ufunguo, na pakiti ikae mapokezi badala ya jalalani. Habari ya milo mtaamua wenyewe, ila maneno "wala mboga" yatoeni kwenye tangazo mpaka mtakapozungumza na mpishi.

Jivu amebakiza vidonge vya siku 9. Saa 48 baada ya kidonge cha mwisho atapimwa kama damu yake inaganda sawasawa, na risiti ya kipimo hicho nitawatumia nayo.

Wenu,

Mgeni wa kimeza cha nyuma ya jiko