Risala ya vijana kwa Mgeni Rasmi katika Daraja la Bollman, Savage, Maryland

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Sisi vijana wa darasa la Kiswahili la Jumamosi hapa Maryland tunakukaribisha kwa heshima kubwa, na tunakushukuru kwa kukubali kukutana nasi kando ya Mto Little Patuxent, mbele ya daraja la reli ambalo tumejifunza habari zake muhula huu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daraja hili la kenchi za chuma lilijengwa mwaka 1869 na kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio, likahamishiwa hapa Savage mwaka 1887 ili treni zikifikie kiwanda cha nguo za pamba. Ndilo pekee la aina yake lililosalia duniani.

Aliyelibuni, Wendel Bollman wa Baltimore, alianza kama seremala wa kampuni hiyo, na uhandisi aliujua kwa kujisomea mwenyewe hadi akapata hataza, yaani hakimiliki ya kisheria, ya ubunifu huu mwaka 1852. Zama zile wengi walikuwa na shaka na madaraja ya chuma, kwa kuwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hustahimili kugandamizwa lakini hupasuka kikivutwa. Bollman alikiweka chuma hicho juu na kwenye nguzo, kunakogandamizwa tu, na kazi ya kuvutwa akaiachia chuma cha kufuliwa, katika fito ndefu za mshazari. Kila mahali mzigo unapotua, fito mbili hupanda kutoka hapo hadi kwenye nguzo za ncha zote mbili, kwa hiyo kila sehemu imening'inizwa peke yake, na ufito mmoja ukikatika daraja zima haliporomoki. Tulipozifuata kwa macho, ufito baada ya ufito, ndipo tulipoelewa kwa nini ubavu wa daraja unaonekana kama umefumwa. Kwetu sisi, huo ndio ustadi wake mkubwa.

Udhaifu nao ulikuwepo. Fito za jozi moja hazilingani urefu, hivyo joto na baridi huzirefusha na kuzifupisha kwa viwango tofauti, na treni zilipozidi kuwa nzito madaraja ya namna hii yaliachwa. Hili lilinusurika kwenye njia ndogo ya kiwanda, ambacho kilifungwa mwaka 1947. Mwaka 1966 chama cha wahandisi ujenzi wa Marekani kililiweka la kwanza kabisa katika orodha yake ya kazi za kihistoria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuwa wewe ni mhandisi, tunaomba utusimamie tutengeneze mfano wa daraja hili kwa chuma, maana ule wa kadibodi tulionao haututhibitishii nguvu ya fito. Pia tunaomba utuombee kwa wanaolitunza ruhusa ya kusaidia kuondoa majani na udongo kwenye viungo vyake, kwani unyevu ukituama hapo kutu huanza.

Tunaomba kuwasilisha.