Risala ya Klabu ya Falaki kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi, Konde, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazee wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja mpaka huku Konde. Tumeambiwa risala isizidi dakika saba, kwa hiyo historia tutaipita mbio mbio.

Klabu ilianzishwa na mwalimu wetu wa fizikia na wanafunzi sita, ikiwa na darubini moja ya macho mawili iliyopasuka kioo kimoja. Leo tumefika wanafunzi thelathini na wawili, na kioo kile bado kimepasuka. Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeshiriki pamoja na wazee kuangalia mwezi mwandamo wa Ramadhani, na mwezi ukaonekana. Tumeingia pia katika utafiti wa kimataifa: vipimo vyetu vya mwanga wa nyota tumevituma kwa AAVSO ya Marekani, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1911 ambayo hupokea vipimo vya watu wa kawaida kutoka kila pembe ya dunia. Kompyuta yao ikatujibu kwamba vimepokelewa. Jibu hilo tumelichapisha na kulibandika ubaoni, na Mheshimiwa utaliona ukitoka, mkono wa kulia.

Mheshimiwa, hayo yanatosha. Sasa tunaomba usikilize jambo moja tu.

Sisi tunachunguza madoa ya nyota. Jua letu lina madoa, na mwaka 1908 George Ellery Hale aligundua kwamba yamejaa usumaku. Usumaku ule huzuia joto linalochemka chini lisipande juu, pahali hapo pakapoa na kuonekana peusi. Ila madoa ya Jua ni punje. Zipo nyota zilizozeeka zikavimba, zinaitwa nyota majitu, na baadhi yake zina madoa ya kutisha. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba nyota jitu iitwayo XX Trianguli ina doa lenye eneo la takriban mara 10,000 ya kundi kubwa kabisa la madoa lililowahi kuonekana juani.

Nyota ikivimba hujizungusha polepole, kwa hiyo usumaku wake hutarajiwa kufifia. Wa nyota tunayoipima sisi haukufifia. Nyota hiyo ina mwenzake wa karibu anayeivuta, wakafungana mwendo, naye haiachi ipunguze kasi. Jina lake ni Sigma Geminorum, imo katika kundi la Mapacha, ambalo wazee wa falaki huliita Jauza, jirani na ile nyota angavu Pollux. Hapa Konde huonekana kwa jicho tupu. Hujizungusha mara moja kwa siku 19.6. Doa likituelekea, mwanga wa nyota hupungua. Likigeukia nyuma, mwanga hurudi. Hatuoni doa lenyewe. Tunapima mwanga kila usiku, tunaulinganisha na wa nyota ya jirani isiyobadilika, na kwenye karatasi ya grafu tunaona nyota inazama na kuibuka.

Mheshimiwa mmoja aliyewahi kutufikia alituuliza haya yana faida gani kwa mkulima wa karafuu. Swali zuri. Usumaku unaotengeneza madoa ndio huo huo unaolifanya Jua lirushe dhoruba zinazovuruga mawasiliano na satelaiti, na nyota hizi zinauonesha kwa kiasi ambacho juani hatukipati. Tulimjibu hivyo, akaridhika, akapiga picha na sisi, akaondoka.

Kipimo chenyewe kinahitaji kamera. Si darubini, Mheshimiwa, tunasisitiza, kwa sababu darubini tumeshaahidiwa. Kamera ya kubadilisha lenzi, na stendi yake ya miguu mitatu. Unailenga nyota, unaiharibu fokasi kidogo makusudi ili mwanga utawanyike usichome nukta moja, unapiga picha fupi fupi hata ishirini, kisha kompyuta inazijumlisha. Kazi hiyo tunaiweza. Kamera hatuna.

Tunayoitumia ni ya kaka yetu mmoja mpiga picha wa harusi, Mungu ambariki, anayetuazima usiku asiokuwa na kazi. Sasa tazama balaa lilipo. Jauza hukaa vizuri angani mapema usiku wakati wa kaskazi, mbingu ikiwa safi. Mwaka huu Shaabani nayo iliangukia kaskazi hiyo hiyo, na kila mtu hapa anajua Shaabani ilivyo: harusi zinakimbizana kabla Ramadhani haijaingia. Grafu yetu tumeileta, ipo ukutani nyuma yako. Nukta saba zimepangika vizuri zikishuka, halafu pana shimo la siku tano. Hizo ni harusi mbili za Wete na moja ya Micheweni. Nukta tatu, shimo tena. Hilo ni la binti wa Mheshimiwa Sheha, na tunampa hongera.

Mashimo hayo si aibu ya karatasi tu. Nyota hii mara nyingi huwa na madoa pande mbili, kwa hiyo huweza kuzama mara mbili katika mzunguko mmoja. Kwenye shimo la siku tano hatujui kama ilizama au haikuzama. Zaidi ya hapo, Jua halijizungushi kama mpira mgumu: kwenye ikweta yake humaliza mzunguko kwa siku kama 25, karibu na ncha zake kama 35. Ili tuone kama nyota jitu nayo huenda hivyo, inabidi tulifuate doa mzunguko baada ya mzunguko, na doa lenyewe halingoji, hubadilika sura. Tunahitaji usiku arubaini mfululizo, kadiri mawingu yatakavyoturuhusu, kabla ya masika.

Mheshimiwa, hatusemi kwamba hatujasaidiwa. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi darubini kabla ya Ramadhani. Ramadhani tatu zimepita, na kosa ni letu kwa kutomuuliza ni ya mwaka gani. Wa pili alitaka andiko lenye bajeti, nakala tatu. Tukaandika, tukapeleka, likagongwa mhuri. Tulipofuatilia tukaambiwa mhusika amehamishwa na tuandike upya. Tukaandika upya. Wa tatu alituletea mipira miwili ya miguu, na mipira hiyo tunaitumia mpaka leo.

Mwanga wa nyota hii, Mheshimiwa, husafiri kama miaka 120 mpaka kutufikia. Huu tunaoupima uliondoka huko zama za masultani. Na umefika.

Profoma ya kamera, lenzi na stendi tumeiambatanisha, kutoka maduka matatu ya mjini, ili pasiwe na haja ya andiko la tatu. Iliyotumika nayo tutaipokea, mradi shata yake inafanya kazi. Itakaa katika kabati la Mwalimu Mkuu, funguo mbili, na wakati ambao si wa Jauza skuli itaitumia kwa mahafali. Kaka yetu amekubali kutufundisha kuitunza. Amekubali haraka sana. Nadhani amechoka na sisi.

Mheshimiwa, kwa kawaida hapa mgeni rasmi husimama akasema "inshallah tutalifanyia kazi", nasi tukapiga makofi. Makofi tutapiga. Lakini mezani mbele yako pana daftari la wageni. Ukurasa wa wazi una safu nne: jina, ahadi, tarehe na imetimizwa. Wenzako watatu wameshaandika safu ya kwanza na ya pili. Tunakuomba kwa heshima zote uanze na ya tatu. Kaskazi inaingia Disemba.

Kalamu imo ndani ya daftari.

Ahsante sana.

Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Falaki