Vigae vya zamani msivimwagie asidi

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Nyumba yetu hapa Mkomani ina vigae vya simiti vyenye maua, vya enzi za bibi, sasa mwezi jana nikamwita fundi aving'arishe, jamaa akaja na kidumu cha asidi ya kuoshea vyoo akamwaga tu, povu likapanda, kumbe lile povu ndo kigae chenyewe kinaliwa! Maua yamepauka kama leso iliyosahauliwa juani. Jamani simiti na chokaa haziwezani na asidi, hata siki na ndimu msijaribu.

Chumba cha pili nimefanya mwenyewe, maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo, brashi ya nailoni sio ya waya, nikaanzia nyuma ya kabati nione kwanza, nasugua kipande kidogo nafuta na tambara kabla uchafu haujakauka. Magoti yameniuma siku tatu lakini ule wekundu umetokea. Na ule unga mweupe unaorudirudi ni chumvi inapanda na unyevu, ufagieni ukiwa mkavu, msizibe na vanishi.

Mji wetu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kila mtu anapiga picha milango, sakafu je?

Mkaazi wa Mkomani, Lamu