Kwa mdogo wangu anayekwenda maabara likizo hii

Mdogo wangu,

Hongera kwa nafasi ya fildi. Wiki nane kwenye utafiti wa malaria, kazi yako kutambua mbu kwa PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane: si haba. Ila barua ya kukubaliwa haikukuambia kwamba wiki mbili za mwanzo huenda usimguse mbu hata mmoja.

Utasoma kanuni za usalama, utasaini makaratasi, kisha utakabidhiwa pipeti na maji. Maji hayo usiyadharau. Mikrolita 100 zina uzito wa gramu 0.1, kwa hiyo weka tyubu kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, upime mara kumi. Namba zikirukaruka, mkono bado. Mara nyingi tatizo ni kidole gumba. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili: wakati wa kuvuta unabonyeza hadi cha kwanza tu, wakati wa kumimina ndipo unafika cha pili. Ukivutia kutoka cha pili unabeba zaidi ya ulichopanga, na PCR nzima ni mikrolita 25, hivyo ziada ya tatu si ndogo.

Utajiuliza PCR ya nini wakati hadubini ipo. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis ni kama mapacha, kwa macho huwatofautishi. Tabia ndizo tofauti: wa kwanza hupenda damu ya mtu na huuma zaidi ndani ya nyumba, wa pili hata ng'ombe anamtosha, na huuma nje pia, ambako chandarua hakikufuati. Ndiyo maana unachukua mguu mmoja wa mbu (tumbo liache, damu iliyomo hukisumbua kimeng'enya kinachonakili DNA), unatoa DNA, unaizidisha kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) zilizochapishwa mwaka 1993, kisha unasoma kwenye jeli urefu wa kipande: karibu besi (herufi za DNA) 390 ni gambiae, 315 ni arabiensis.

Ukiwa na sampuli 24 na kontroli mbili, yaani DNA ya mbu anayejulikana na maji matupu, usitengeneze mchanganyiko wa PCR wa kutosha tyubu 26. Tengeneza wa 29. Kila ukivuta, kidogo hubaki kwenye ncha, na tyubu ya mwisho ndiyo hulala njaa.

Jeli: gramu 2 za agarosi (unga wa kugandisha jeli) kwa mililita 100 za bafa ya TAE (maji yenye chumvi za kupitisha umeme). Nasema bafa, si maji. Ile ya stoo imekolea mara 50, kwa hiyo mililita 20 zake unaziongezea 980 za maji. Chemsha hadi isionekane chembe hata moja, acha ipoe mpaka chupa ishikike, ndipo umimine. DNA ina chaji hasi, umeme ukiwashwa hukimbilia waya mwekundu; vishimo vya kuwekea sampuli vikae upande wa waya mweusi. Wapo wanaogeuza waya, wakaenda kunywa chai, wakarudi sampuli zimeshamwagikia kwenye bafa.

Na siku ya jeli tupu itakuja. Usikimbilie kurudia kila kitu, ihoji jeli kwanza. Hata ngazi ya vipimo (DNA ya urefu unaojulikana) haionekani? Pengine rangi ya kung'arisha DNA imesahaulika, au jeli imeachwa ikakimbia hadi ikatoka. Ngazi ipo lakini kontroli chanya (ile DNA ya mbu anayejulikana) haipo? Lawama ni za PCR yenyewe: kimeng'enya hakikuwekwa, au kimekaa mezani nje ya friza. Kontroli chanya inang'aa, sampuli kimya? Rudi kwenye utoaji wa DNA. Ethanoli isipokauka vizuri huzuia PCR. Au mbu wako walichambuliwa kwa haraka, na tangu mwanzo hawakuwa wa kundi la gambiae, lenye gambiae, arabiensis na ndugu zao. Kibaya kuliko vyote ni kontroli ya maji kuwa na mstari. Hapo matokeo yote ya siku hiyo yanatupwa, hata yakiwa mazuri kiasi gani, maana DNA ya mahali pengine imeingia. Ukungu mdogo chini kabisa ya jeli usikutishe, hizo ni praima zimeshikana zenyewe kwa zenyewe.

Zitakuwapo pia siku za kukaa tu: umeme umekatika katikati ya mizunguko ya PCR, au kemikali zimekwama bandarini. Tumia siku hizo kujaza daftari na kuandika sehemu ya mbinu ya ripoti.

Halafu jeli itakubali, na sampuli zote 24 zitasoma 315. Usinune. Katika bonde la Kilombero, Morogoro, gambiae wamekuwa adimu mno, na safu nzima ya arabiensis ndiyo jibu lenyewe. Iandike hivyo hivyo.

Lililobaki ni lebo. Ethanoli hufuta wino wa kalamu nyingi, na tyubu 200 zisizo na majina ni takataka. Andika namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, ukitumbukize ndani pamoja na mbu. Nunua penseli mbili kabla hujasafiri. Za maabara huwa hazionekani.

Dada yako