Wauguzi wazoeshwe pampu za dripu

Mhariri,

Majuzi nilikesha na mama yangu katika hospitali moja hapa Malindi (sasa hajambo, alhamdulillahi), na usiku kucha pampu ya dripu ililia kengele bila muuguzi wa zamu kutambua kama mpira umejikunja, hewa imeingia au betri imekwisha. Simlaumu, kwani aliniambia kuwa alionyeshwa mashine ile mara moja tu, siku ilipoletwa.

Kwa dripu ya kawaida muuguzi huhesabu matone: lita 1 kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika, na jicho lake huona mapema yakienda mbio. Pampu hutaka mililita kwa saa, yaani 125, na aliyekusudia 12.5 akisahau nukta, mashine itatii na kumwingizia mgonjwa mara 10 ya kipimo chake, jambo linaloweza kuua ikiwa dawa yenyewe ni potasiamu.

Naiomba idara ya afya ya Kaunti ya Kilifi isitosheke na semina ya asubuhi moja yenye chai na cheti, bali kila muuguzi aitegeshe pampu kwa mikono yake, kwa chupa ya maji tu, mbele ya mwenzake mzoefu, na wodini dawa za hatari zisianze kabla ya mtu wa pili kuzisoma namba zile kwa sauti.

Msomaji wenu,
Malindi