Kumfuata mtoto si kumwachia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenye watoto wadogo na, zaidi yao, wale wanaopanga maisha ya watoto hao mchana kutwa: wamiliki wa vituo, wakaguzi, na wanaotunga ratiba. Mimi ni mwalimu wa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Mzazi akija kumchukua mwanawe na kukuta daftari halina kitu, huuliza, "Leo wamecheza tu?" Ni swali la haki. Jibu lake haliwezi kutolewa mlangoni huku mtoto ameshavaa begi, kwa hiyo nalileta hapa.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba kuna njia mbili pekee. Ama mwalimu asimame ubaoni na watoto waitikie kwa pamoja, ama akae pembeni na watoto wafanye watakalo. Akitokea mtu akasema kujifunza kwa mtoto mdogo kuanzie kwenye kile kinachomvuta, basi anawekwa kwenye kundi la pili na mjadala unakwisha. Ninachotetea mimi, yaani mwalimu aanzie kwenye kile kinachomvuta mtoto kisha amwongezee, hakimo kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili, na kinamtaka mtu mzima afanye kazi nzito kuliko ile ya ubaoni.

Chukua mtoto mmoja wa miaka minne ambaye alikuwa hapiti mlango bila kushika kitasa. Wenzake wakikimbilia matofali ya mbao, yeye anachuchumaa kuchungulia tundu la ufunguo. Ingekuwa rahisi kumtoa hapo kila asubuhi na kumkalisha mbele ya karatasi ya kupaka rangi maduara. Mwalimu mwenzangu hakufanya hivyo. Alimtazama kwanza kwa siku kadhaa, akaandika anachokiona. Akang'amua kwamba mtoto havutwi na mlango wala na kutoka nje. Anavutwa na jinsi kitu kimoja kinavyoingia ndani ya kingine na kukifungua. Akakusanya makufuli ya zamani, makubwa kwa madogo, akachanganya funguo zake zote kwenye trei moja, akaweka mezani, akanyamaza.

Mwanzoni mtoto alijaribu ufunguo wowote kwenye kufuli lolote. Baadaye akaanza kutenga funguo nene bila hata kuzijaribu: "Hii haiingii." Hapo tayari anapanga vitu kwa ukubwa na kubashiri kabla ya kutenda, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Makufuli yote yalipofunguka akabaki na ufunguo mmoja mkononi. Akahesabu makufuli, akahesabu funguo, akahesabu tena, kisha akaenda kutafuta kufuli lililopotea chini ya meza. Halikuwepo kamwe, mwalimu alikuwa ameuongeza ule ufunguo makusudi.

Kisha mtoto mwingine akaja na kuvuruga trei yote, kilio kikafuata. Mwalimu aliwakalisha wote wawili na kuuliza swali moja: kesho tutajuaje ufunguo upi ni wa kufuli lipi? Mmoja akasema wafunge kamba za rangi. Yule wa vitasa akaomba karatasi, akachora mstari wenye nukta mbili, akabandika kwenye kufuli, kisha akachora vilevile kwa ajili ya ufunguo wake. Wenye uzoefu wa kufundisha kusoma watanielewa nikisema kwamba pale paligeuka kitu kikubwa. Mtoto alikuwa ametambua kwamba alama inaweza kushika nafasi ya kitu, na mtu mwingine akiiona ataelewa. Asipolijua hilo, herufi kwake ni michoro ya kunakili. Alipolijua, mwalimu akamwonyesha herufi inayoanza jina lake, naye akaipokea kama mtu aliyekuwa akiisubiri. (Kwa walio chini ya miaka mitatu, funguo ndogo si za kuwapa, zinaingia mdomoni. Hao huwekewa makomeo makubwa yaliyopigiliwa kwenye ubao.)

Sasa tazama kazi ya mwalimu humo. Ametazama, amekisia, amechagua kifaa, amejizuia kusema, ameuliza swali wakati wake, na mwishoni amefundisha waziwazi jambo ambalo mtoto asingeligundua peke yake. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alieleza vizuri kwamba kuna eneo kati ya yale mtoto anayoyaweza mwenyewe na yale anayoyaweza akisaidiwa, na kwamba humo ndimo mafunzo yanamosogea. Ukimwachia peke yake humfikishi huko. Ukimburuta humfikishi pia, maana unasaidia mahali ambapo yeye hayupo.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni mawazo ya kisasa ya kuwadekeza watoto. Si ya kisasa. Friedrich Froebel alianzisha kituo chake huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, akaweka mchezo katikati ya elimu ya mtoto mdogo. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907. Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini na mwalimu ndiye aliyegawa. Siku moja kabati likaachwa wazi, na watoto wakaenda kuchukua kila mmoja alichotaka. Montessori hakuona wizi pale. Aliona kwamba wanajua wanachokitafuta, akaamuru vifaa viwekwe kwenye rafu fupi zilizo wazi. Karibu na mji wa Reggio Emilia, Italia, wazazi waliotoka vitani mwaka 1945 walijenga shule ya watoto wadogo kwa fedha za kuuza kifaru cha vita na malori yaliyoachwa na jeshi. Mwalimu Loris Malaguzzi alijiunga nao, na kutokana na juhudi hizo ukakua utaratibu wa walimu kuandika na kupiga picha yale watoto wanayoyatafiti, ili kesho yapangwe kwa kuyatazama. New Zealand iliingiza fikra za namna hii katika mtaala wake wa awali, Te Whāriki, mwaka 1996. Hao wote walikuwa watu wakali juu ya kazi. Hakuna aliyesema mwalimu akae.

Utafiti nao una la kusema. Mwaka 1986 Michael Tomasello na Michael Jo Farrar walionyesha kwamba mtoto mdogo anayeanza kusema hujifunza jina la kitu kwa urahisi zaidi mtu mzima anapokitaja kile ambacho mtoto tayari anakitazama, kuliko anapomgeuza atazame kingine. Kwa mlezi hili ni jambo la kufanyia kazi leo hii: kabla ya kusema, angalia macho yake yako wapi. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye utepe wakichora, baadaye walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao walipoachiwa wachague wenyewe. Na mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake waliwapa watoto kifaa cha kuchezea chenye siri nne ndani yake. Watoto waliofundishwa siri moja na mtu mzima anayeonekana kukijua kifaa, waliirudia hiyo moja na kuvumbua chache kati ya zilizobaki. Mtoto hakuwa mvivu. Alifikiri kwa akili kabisa: kama kungekuwa na mengine, mwalimu angeniambia.

Matokeo hayo ya mwisho yananigusa kila ninapoona watu wazima wakimvamia mtoto anayejenga mnara kwa maswali ya mtihani. Hii rangi gani? Hivi ni vingapi? Mtoto anajua kwamba unajua. Anajibu kwa adabu, mkono wake unatua, na alichokuwa anakifikiria kimepotea. Swali la kweli ni lile ambalo muulizaji naye anangoja jibu.

Pingamizi zipo na nyingine ni nzito. Je, mtoto anayetaka magari tu, mwaka mzima magari? Hiyo si sababu ya kumnyang'anya. Magari yana miteremko, vipimo, foleni za kuhesabu, ramani za kuchora, na hata barua ya kuomba barabara itengenezwe. Lakini mwalimu asiyeongeza chochote, akaacha gari lizunguke zulia lile lile kila siku, hamfuati mtoto, amemtelekeza. Pingamizi kubwa kwangu ni nyingine. Katika chumba kinachofuata mapenzi ya watoto, mwenye sauti kubwa huamua kwa niaba ya wote. Mtoto mkimya, mtoto ambaye lugha ya chumbani si ya nyumbani kwao, au asiyeweza kutembea kufika rafu iliko, shauku yake haionekani mpaka mtu aitafute. Kwa hiyo daftari la mwalimu lazima liwe na ukurasa wa kila mtoto, na ukurasa mtupu uwe ndio wa kwanza kushughulikiwa kesho.

Tena nasema wazi: yapo mambo ambayo mtoto hayavumbui. Sauti ya herufi ni makubaliano ya watu, mtu huambiwa. Namna ya kuvuka barabara haijaribiwi. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani ambaye wengi humtaja kama baba wa elimu ya vitendo, alionya mwaka 1938 kwamba si kila tajriba inaelimisha. Hoja yangu ni kwamba mafundisho ya wazi yanashika zaidi yakitua mahali ambapo mtoto ameshaanza kuuliza.

Najua tutaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini anayekunjwa hapa ana haki zake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja katika ibara ya 12 haki ya kutoa maoni na katika ibara ya 31 haki ya kucheza. Mwaka 2005 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba haki hizo ni za watoto wadogo pia, tangu wakiwa wachanga.

Basi ombi langu ni hili. Wakaguzi waache kupima chumba cha watoto wa miaka minne kwa idadi ya kurasa zilizojazwa. Waombe kuona kumbukumbu za mwalimu na wamuulize amezifanyia nini. Wanaotunga ratiba waache kuikatakata asubuhi vipande vya nusu saa, kwa sababu mtoto anayehesabu funguo mara ya tatu hawezi kuendelea kengele ikilia. Vyuo vya ualimu vitoe muda wa kutosha kufundisha kutazama na kuandika kinachoonekana, stadi ambayo wengi wetu tulilazimika kuokoteza kazini. Na wamiliki wa vituo wafahamu kwamba mtu mmoja mwenye kundi kubwa la watoto hawezi kazi hii hata awe na moyo namna gani. Atawanyamazisha, maana ndicho kitu pekee kinachowezekana. Hapo lawama si yake.

Kwa mzazi aliyeuliza mlangoni: una haki ya kuuliza, ila uliza zaidi. Mwambie mwalimu, "Wiki hii mwanangu ameshughulika na nini, na wewe umemwongezea nini?" Anayefanya kazi hii atakujibu papo hapo, pengine atakuchelewesha kwa maelezo. Asiyekuwa na jibu kwa sehemu ya pili ya swali, basi malalamiko yako ni ya kweli, nami niko upande wako.

Wako,
Mwalimu wa elimu ya awali