Risala ya Wanafunzi wa Uzamivu, Idara ya Botania, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Idara, wahadhiri wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Kuacha majukumu yako mazito ukaja kuketi nasi chini ya turubai hili si jambo dogo.

Chama chetu kilianzishwa ili kusukuma mbele utafiti wa seli za mimea. Tumepiga hatua kubwa: tuna katiba, tuna muhuri, na tuna kitalu cha miche ya muhogo inayooteshwa ndani ya chupa ambacho shule za jirani huja kukitazama.

Mheshimiwa, tutakuchosha kwa jambo moja tu. Ugonjwa wa michirizi kahawia ya muhogo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na H. H. Storey, hapa hapa kwetu, kituo cha Amani, Usambara. Hadi leo mkulima anaweza kuona shamba limestawi, akichimba anakuta mihogo ina madoa makavu ya kahawia, hailiki. Virusi vinavyouleta hupenya toka seli hadi seli kwa vijia vyembamba mno vya kwenye kuta za seli, plasmodesmata. Kuvifuatilia vikipita kunataka protini ing'aayo itiwe ndani ya jani bichi, kisha jani litazamwe kwa hadubini ya konfokali, inayomulika seli hai kwa leza tabaka baada ya tabaka. Hadubini tulizonazo zinatuonyesha ukuta wa seli na kiini, basi.

Na seli hai haitumwi kwa posta. Mwenzetu mwenye bahati huifuata hadubini ng'ambo, na wengine hawarudi. Asiye na bahati hubadilishiwa mada: aliyeomba kuchunguza seli anamalizia kugawa madodoso kwa wakulima.

Chumba cha hadubini hiyo kipo. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia aliahidi kuileta, tukapiga vigelegele, idara ikapaka rangi, ikatundika mapazia meusi na kufunga kiyoyozi. Aliyemfuata akaahidi kulifuatilia kwa karibu. Hatuna shaka kwamba majukumu ya taifa yaliwabana. Kwa sasa mapazia yale yanavikinga na jua viti vibovu vilivyohifadhiwa humo.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba hadubini moja ya konfokali, pamoja na mkataba wa matengenezo na fundi wa kuiendesha, maana mashine ya leza bila fundi itakwenda kuungana na viti. Pia tunaomba nafasi za uzamivu zenye ufadhili kamili, ili mwanafunzi afanye utafiti wake hapa hadi mwisho.

Makofi tutakupigia kwa vyovyote, Mheshimiwa. Ila jibu tungelipenda kwa barua yenye tarehe na sahihi, hata likiwa la kukataa.

Tunaomba kuwasilisha.